Swichi Mbili Zisizojuana: Jinsi ya Kupanga Njia za Kufikia Hifadhi ya Pamoja

Usiku huo nilikuwa na seva tano, hifadhi moja ya pamoja na swichi mbili. Kila seva ilikuwa na kebo mbili, moja imeingia swichi ya juu na nyingine ya chini. Ukiitazama raki kwa nyuma, ungesema aliyeifunga anajua kazi yake. Saa tano nikapakia firmwea mpya, yaani programu inayoziendesha, kwenye swichi, nikathibitisha, nikaegemea kiti. Taa za swichi ya juu zikazimika, jambo nililolitarajia. Kabla sijakaa vizuri, za chini nazo zikazimika.

Zilichukua kama dakika nne kuamka. Muda huo mashine pepe, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu ndani ya seva, zaidi ya thelathini zilikuwa zinaandika kwenye diski ambayo haipo. Swichi ziliporudi, mtandao ulikuwa mzima kabisa, ila nusu ya mashine zile zilikuwa zimegeuza mifumo yao ya faili kuwa ya kusoma tu, na hifadhidata mbili zilikataa kuwaka mpaka zikarabatiwe. Nilimaliza alfajiri.

Kosa halikuwa la firmwea. Swichi zile mbili zilifungwa staki: kebo fupi za nyuma ziliziunganisha, na zikawa zinaendeshwa kama swichi moja yenye poti nyingi. Nilihesabu vyuma viwili, wakati kwa upande wa akili kilikuwepo kimoja. Mtu anayepanga mtandao wa hifadhi anapaswa kujiuliza swali lile lile kwa kila kifaa anachokigusa: hivi viwili vinategemea nini kwa pamoja? Idadi ya kebo inakuja baadaye.

Tuanze na kwa nini hifadhi ni mteja mgumu kuliko wengine. Ukurasa wa wavuti ukichelewa sekunde kumi, mtu ananung'unika, anaupakia tena, maisha yanaendelea. Mfumo wa uendeshaji hauna subira ya namna hiyo kwa diski yake. Kwa mtazamo wake diski ni kiungo cha mwili, na hausiti kuamini kwamba kimekatika. Linux kwa kawaida huipa amri moja ya diski sekunde 30, kisha huanza kuihesabu kuwa imeshindikana. Majaribio ya kuokoa hali yakigonga mwamba, kosa linapanda hadi kwenye mfumo wa faili. Ext4, mfumo wa faili wa Linux, ikishindwa kuandika jarida lake la mabadiliko hujifungia isiandikwe tena, kwa kuogopa kuharibu zaidi. Kwa hiyo mtandao wa hifadhi una bajeti ya muda, na bajeti hiyo ni ya sekunde. Kila uamuzi utakaofuata unalipiwa kutoka humo.

Sasa tuichore njia yenyewe, maana watu wengi huichora fupi mno. Njia haianzii kwenye kebo. Inaanzia kwenye kadi ya mtandao ndani ya seva, inapita poti, kebo, poti ya swichi, swichi yenyewe na umeme wake, kebo ya pili, poti ya kontrola ya hifadhi, ndipo inafika kwenye kontrola, ubongo unaoendesha diski. Mahali popote ambapo njia zako mbili zinapitia kitu kimoja, una njia moja iliyojificha. Kadi yenye poti mbili ni mfano mzuri: poti ni mbili, lakini chipu ni moja na dereva ni mmoja. Kama seva ina poti zilizojengewa kwenye ubao mama pamoja na kadi ya kuchomeka, chukua moja huku na moja kule. Haigharimu kitu na inaondoa kitu kimoja ambacho njia zote mbili zingekitegemea.

Mpangilio ninaoupenda kwa iSCSI, yaani amri za diski zinazosafiri juu ya mtandao wa kawaida, ni wa visiwa viwili. Swichi A ina sabneti yake, yaani kundi lake la anwani, tuseme 10.10.1.0/24. Swichi B ina yake, 10.10.2.0/24. Baina yao hakuna kebo hata moja. Hakuna ruta inayozipatanisha, na trafiki ya watumiaji haipiti humo. Kadi ya kwanza ya kila seva iko kisiwa A, ya pili iko kisiwa B. Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hapa tunawapa mazizi mawili na tunahakikisha hawana hata dirisha la kuchunguliana.

Waliotoka kwenye ulimwengu wa Fibre Channel, mtandao uliotengenezwa maalumu kwa hifadhi, hawatashangaa. Huko, desturi ya kuwa na mitandao miwili isiyogusana ni ya zamani, na sababu yake ni ya busara: ukiunganisha swichi mbili za Fibre Channel, zinaungana kuwa mtandao mmoja na kushirikiana orodha ya nani anaruhusiwa kumwona nani. Mtu akiifuta orodha hiyo kwa bahati mbaya upande mmoja, imefutika kote. Zikitenganishwa, kosa la binadamu linaishia ukutani. Ethaneti ilipoanza kubeba hifadhi, na kanuni za iSCSI zikachapishwa mwaka 2004 kama RFC 3720, wengi wetu tulikuja na mazoea ya mtandao wa ofisi, ambako kila swichi huunganishwa na mwenzake, na tukayaacha nje mazoea ya watu wa diski. Hapo ndipo vurugu zilipoanzia.

Kuna swali huulizwa kila mara: kwa nini nisiweke kebo moja tu kati ya swichi A na B, iwe ya akiba? Kwa sababu kebo hiyo inarudisha ujamaa tulioukimbia. Kitanzi kikitokea upande wa A, dhoruba ya matangazo, yaani ujumbe unaozunguka bila kukoma, inavuka kwenda B. Itifaki ya kuzuia vitanzi ikianza kufikiri upya, inafikiri kwa pande zote mbili. Ile ya zamani, 802.1D, ina uwezo wa kuzuia poti kwa sekunde 30 hadi 50 kabla ya kuifungua. Linganisha na bajeti ya sekunde 30 tuliyoitaja na utaona tatizo. Matoleo mapya ni mepesi zaidi, na hata hivyo poti zinazoelekea kwenye seva na kontrola lazima zitangazwe kuwa za ukingoni ili zifunguke papo hapo. Isitoshe, hakuna faida unayoipata: seva ina mguu kisiwa A na mwingine kisiwa B, haina haja ya daraja.

Sehemu ya kontrola ndiyo ninayoona ikikosewa zaidi, kwa hiyo niieleze polepole. Hifadhi za kawaida zina kontrola mbili, tuziite X na Y, kila moja ikiwa na poti mbili. Mkono unavutwa kufanya kilicho nadhifu: poti zote za X kwenye swichi A, poti zote za Y kwenye swichi B. Kebo zinapendeza, kila rangi upande wake. Sasa zima swichi A. Kontrola X ni nzima, ina umeme, ina diski zake, ila hakuna anayeweza kuifikia. Kila diski pepe (kipande cha hifadhi ambacho seva hukiona kama diski) iliyokuwa chini ya X lazima ihamie Y, na kuhama huko kunachukua muda na kunatikisa utendaji. Hitilafu ya swichi umeigeuza kuwa hitilafu ya kontrola. Na kama siku hiyo hiyo Y ilikuwa kwenye matengenezo, umebaki mikono mitupu huku una swichi moja nzima na kontrola moja nzima, ila hazijaunganishwa.

Vusha kebo. Poti ya kwanza ya X iende A, ya pili B. Poti ya kwanza ya Y iende A, ya pili B. Sasa seva ikitazama kupitia kadi yake ya kisiwa A inaiona X na Y. Kupitia kisiwa B inaiona X na Y. Njia nne kwa kila diski. Swichi yoyote ikifa, zinabaki mbili, moja kwa kila kontrola. Kontrola yoyote ikifa, zinabaki mbili, moja kwa kila swichi. Vife vyote viwili, swichi moja na kontrola moja, bado ipo njia moja. Chukua karatasi, chora, kisha futa kimoja kimoja kwa rula. Hakuna zoezi la dakika tano lenye manufaa kuliko hilo.

Njia hizo nne si sawa kwa hadhi. Hifadhi nyingi humpa kila diski pepe kontrola mmiliki, na huitangazia seva kupitia utaratibu uitwao ALUA kwamba njia hizi mbili ndizo bora, zile nyingine mbili zinafika lakini kwa kuzunguka. Linux husimamia njia hizi kwa programu ya malitipathi. Ukiandika `multipath -ll` utaona makundi mawili: lenye kipaumbele cha juu linafanya kazi, la chini linasubiri. Anayeyaona mara ya kwanza hudhani nusu ya kebo zake zimelala na hulazimisha zote nne zifanye kazi kwa zamu. Matokeo yake ni nusu ya trafiki kupita kwa kontrola isiyo mmiliki, na baadhi ya hifadhi huanza kurushiana umiliki wa diski kama mpira. Ziache zilale.

Tukifika hapa, mtu wa mitandao atauliza: mbona hatuzifungi kebo mbili za seva ziwe kifungu kimoja kwa LACP? Ni itifaki inayofahamika, ipo tangu 802.3ad ya mwaka 2000. Jibu langu kwa iSCSI ni hapana, na lina sababu mbili. Ya kwanza ni hesabu. LACP haigawi mtiririko mmoja juu ya kebo mbili. Inapiga hesabu kutokana na anwani na poti, kisha mtiririko mzima unapewa kebo moja. Seva moja ikizungumza na anwani moja ya hifadhi kwa kikao kimoja, kebo ya pili inakaa bure. Kebo mbili za gigabiti 10 hazikupi 20 kwa kikao hicho. Zinakupa 10, yaani kama gigabaiti 1.25 kwa sekunde, basi. Malitipathi inagawa kazi katika ngazi ya amri za diski, kwa hiyo kila njia inapata sehemu yake.

Sababu ya pili ni nani anayejua. LACP inajua kama kebo iko hai. Malitipathi inauliza swali linalokuhusu: je, diski inajibu? Poti ya kontrola yaweza kuwa na taa ya kijani huku programu ndani yake imeganda. LACP itaendelea kupeleka amri huko kwa furaha. Malitipathi ya Linux huuliza kila njia hali yake kila baada ya sekunde chache, na ikikosa jibu inaifuta njia hiyo kwenye mzunguko. Akili ya kuvuka hitilafu inakaa kwa mwenye diski, ambaye ndiye anayeumia.

NFS, ambayo hugawa faili badala ya diski, ni habari nyingine. Huko hakuna malitipathi ya diski. Seva inajua anwani moja ya IP na inaishikilia. Hapo LACP ina nafasi yake, na kwa kuwa kifungu kimoja cha kawaida hakiwezi kuishia kwenye swichi mbili tofauti, unahitaji swichi zinazoweza kujifanya moja mbele ya seva. Kuna namna mbili. Staki, ambayo tayari ilinikosesha usingizi: ubongo mmoja, mpangilio mmoja, na kwenye mifano mingi firmwea moja inayowasha upya wote kwa mpigo. Na MLAG, ambayo kila mtengenezaji ameipa jina lake: swichi mbili zenye ubongo wake kila moja, zinazopeana taarifa kupitia kebo baina yao, na zinazoweza kusasishwa moja baada ya nyingine. Kama lazima swichi zijuane, chagua MLAG, kisha soma kwa makini kinachotokea kebo ile ya baina yao ikikatika, kwa sababu kwa kawaida swichi mojawapo hujizima poti zake ili zisije zote mbili zikajiona mkuu. NFS 4.1 ilileta uwezo wa kikao kimoja kutumia njia kadhaa, ila hakikisha pande zote mbili zinautumia kweli kabla hujaujengea nyumba.

Kuna mtego wa Linux wa kuujua hata kama una haraka. Ukiweka kadi zote mbili za seva kwenye sabneti moja, kernel, kiini cha Linux, huona njia mbili za kufika mahali pamoja na huchagua moja. Pakiti zote zinatoka kwa kadi ya kwanza, na kadi ya pili yaweza hata kujibu maulizo ya ARP, yale ya kutafuta kadi yenye anwani fulani ya IP, kwa niaba ya mwenzake. Kwenye skrini unaona njia nne za kijani. Unachomoa kebo ya kwanza na zote nne zinakufa. Kuna mipangilio ya kulitibu hilo, `arp_ignore` na wenzake, lakini sabneti mbili zinaliondoa tangu mwanzo bila dawa yoyote. Baadhi ya hifadhi hutaka sabneti moja kwa poti zote. Hizo fuata maelekezo ya mtengenezaji, ambayo kwa kawaida yatakudai kebo baina ya swichi, na ulipime daraja hilo kana kwamba nusu ya trafiki itapita juu yake, maana itapita.

Turudi kwenye sekunde. Kwenye open-iscsi, programu ya iSCSI ya Linux, thamani inayoitwa `replacement_timeout` huja ikiwa 120. Maana yake ni kwamba kikao kikikatika, seva itakisubiri kirudi kwa dakika mbili kabla ya kukubali kuwa njia imekufa. Kwa mwenye njia moja hiyo ni subira nzuri. Kwa mwenye njia nne ni uzembe: njia tatu nzima zipo, lakini amri zilizokwama kwenye njia ya nne zinangoja muujiza. Ishushe iwe kati ya 5 na 15. Kadhalika, ukitumia LACP popote, angalia mwendo wake: ule wa polepole hutuma ujumbe kila sekunde 30 na huhitaji sekunde 90 kutambua kimya, ule wa haraka hutuma kila sekunde na kutambua baada ya 3.

Kisha amua nini kitokee njia zote zikipotea kwa pamoja. Malitipathi inaweza kurudisha kosa papo hapo au kuziweka amri foleni. Mimi huziweka foleni kwa muda wenye kikomo, dakika moja hivi au mbili kulingana na kinachoendeshwa juu yake. Foleni hiyo ingeniokoa sehemu kubwa ya mabalaa usiku ule, kwa sharti iwe ndefu kuliko muda wa swichi kuamka. Foleni isiyo na mwisho nayo ina ubaya wake, hasa kwenye klasta, yaani kundi la seva zinazopokezana kazi, kwa sababu seva iliyokwama haifi ikajulikana imekufa. Inaning'inia na kumzuia mwenzake kuchukua kazi.

Fremu kubwa nitazipita haraka. MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya 9000 inasaidia kiasi, lakini lazima iwe sawa kwenye seva na hifadhi, na swichi iwekewe thamani ya juu zaidi, mara nyingi 9216. Kipimo ni amri moja, `ping -M do -s 8972`, kwa kila anwani ya hifadhi, kupitia kila kadi. Ni 8972 kwa sababu kichwa cha IP kinakula baiti 20 na cha ICMP 8. Kinachofanya kosa hili liwe la hila ni kwamba upande mmoja usipokubali fremu kubwa, kuingia kwenye hifadhi kunafanikiwa, orodha ya diski inaonekana, kisha uandishi wa kwanza mkubwa unaganda. Amri ndogo zinapita tundu la sindano, shehena inakwama.

Umeme wenyewe uko wazi ila husahaulika: swichi A kwenye mstari mmoja wa umeme, swichi B kwenye mwingine. Nimewahi kukuta swichi mbili za bei kubwa zimechomekwa kwenye kiendelezi kimoja sakafuni, chenye swichi nyekundu inayoweza kugongwa na kiatu.

Uwezo pia. Kama kila kisiwa kimezoea kubeba asilimia 60 ya kiwango chake siku ya kawaida, siku ya hitilafu kisiwa kimoja kitatakiwa kubeba 120. Mfumo hautakufa, utakuwa mzito kiasi kwamba watu watasema umekufa. Visiwa vyote viwili vikae chini ya nusu ya kiwango chake wakati wa kilele, na mtu awe anatazama grafu hiyo.

Na kuna hitilafu ambayo hakuna mchoro unaoionyesha: njia isiyokufa wala kupona. Kebo ya nyuzi yenye vumbi kwenye ncha huangusha fremu chache kwa kila elfu. Kiungo kiko juu, diski inajibu inapoulizwa, malitipathi inaendelea kuipa zamu yake, na kila amri inayopita huko inachelewa. Njia iliyokatika ingekuwa na huruma zaidi. Dalili zake ni idadi inayoongezeka ya makosa ya CRC, yaani fremu zilizofika zimeharibika, kwenye poti ya swichi, kwa hiyo namba hizo zinastahili kengele yake. Inapolia, izime poti hiyo kwa mkono wako, kisha ndipo ukasafishe ncha.

Baada ya usiku ule nilizitoa zile kebo fupi za staki, nikaandika mipangilio ya kila swichi upya, sabneti mbili, kebo za kontrola zimevushwa. Wiki iliyofuata, saa sita mchana, watu wakiwa kazini na wakiwa wamearifiwa, nilichomoa umeme wa swichi A. Kwenye logi ya seva ya kwanza njia mbili zilisomeka zimeshindwa, na uandishi ulisimama kwa sekunde kumi na moja, kisha ukaendelea. Nikairudisha swichi, nikangoja njia zote nne zisomeke hai kwenye seva zote tano. Seva ya nne ilionyesha mbili. Kebo yake ya kisiwa A ilikuwa imechomekwa nusu, na bila jaribio lile ningeijua siku swichi B ingezimika.